Ndiyo ya Mzee Gama

Mzee Redemptus Gama alianza kumtukana daktari wake kabla hajaketi, na kwa kila tusi shinikizo la damu yake lilishuka kidogo.

Daktari Skolastika Kikoti aliliona jambo hilo kwenye kioo cha vipimo kilichoning'inia nyuma ya kiti cha mgonjwa. Namba zilizokuwa nyekundu mzee alipovuka mlango sasa zilikuwa za manjano.

"Kikoti," mzee alisema, akilitafuna jina kama mtu aliyeonja ugali mbichi. "Yaani nimetoka Peramiho, nimepanda mpaka huku Makambako kwenye baridi ya kukata masikio, ili nije nichomwe jicho na Mhehe?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hata mbwa wangu alitaka kunisindikiza. Nikamrudisha njiani. Nikamwambia, baba, huko niendako yupo Mhehe, wewe rudi ulinde nyumba."

"Ulifanya la maana," Skola alisema, akimdondoshea matone ya ganzi. "Angefika hapa ungerudi na mnyororo peke yake."

Mzee Gama alicheka mpaka machozi yakayasomba matone yote, ikabidi yarudiwe. Namba kwenye kioo ziligeuka kijani.

Skola alikuwa na mwaka mmoja tu tangu amalize chuo. Huko walifundishwa kwamba mgonjwa hatulizwi kwa maneno. Hutulizwa na Tuli. Lakini yeye alizaliwa Kalenga, na Mhehe akikutana na Mngoni hana haja ya kufundishwa. Mababu zao waliuana vitani, na wajukuu waliamua kuyamaliza kwa matusi. Tangu hapo hawakuachana, si harusini wala makaburini.

Nyuma ya ukuta wa kioo, kwenye chumba cha ndugu, alikaa mke wa mzee, Bi Sabina. Hakuwa ameondoa macho yake kwa mumewe hata mara moja.

Skola alichukua Tuli kwenye kisanduku chake. Ilikuwa utepe mwembamba wa kijivu, mlaini kama ulimi wa ndama, unaofungwa kwenye paji la uso. Ganzi ya matone hulaza uso wa jicho tu. Haifiki nyuma, kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga, ambako leza huiunguza mishipa mibovu iliyooteshwa na kisukari. Zamani wagonjwa waliyasikia mapigo hayo kama sindano zinazopita ndani ya fuvu. Walishtuka, jicho likacheza, mwale ukatua pasipotakiwa. Wengine waliinuka katikati ya tiba, wakaenda zao wasirudi. Tuli ilikomesha hayo. Haikumlaza mtu. Ilimwacha akisikia na kujibu, ila ilikishika kile kipande cha ubongo kinachoumia na kuogopa, ikakibembeleza kama mtoto. Kisha ikaja Sheria ya Faraja: leza isimguse mgonjwa asiye na Tuli, na daktari atakayeizima tiba ikiwa inaendelea atavuliwa leseni.

Alipounyanyua utepe, mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Subiri kwanza. Kuna neno, na hapa sitanii."

"Nakusikiliza, mzee."

"La kushoto limekwisha. Nimebaki na hili la kulia. Umesema mishipa mibovu iko pembeni. Basi choma huko pembeni, sina kazi nako. Lakini katikati uniachie." Aligeuza kichwa kuelekea kwenye kioo. "Yule pale hasikii tangu kuzaliwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nikaoa mke asiyesikia, watu wakacheka parokia nzima. Lakini nimesema naye maisha yangu yote, kwa mikono. Kidole kikiinama hivi, ni neno moja. Kikisimama, ni jingine. Nikibaki na ukungu nitakuwa namwona mwanamke amesimama anafukuza nzi. Kwa hiyo ukifika mahali pa kuchagua, usichague. Acha. Heri nimwone vizuri miezi michache kisha giza liingie, kuliko niishi naye kwenye ukungu mpaka nife. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Ilikuwa ahadi nyepesi kuitoa. Picha za jana yake zilionyesha katikati pakiwa safi.

*

Mabega ya Mzee Gama yalishuka mara tu utepe ulipogusa ngozi. Mikunjo ya uso ilinyooka. Kidevu kilikaa kwenye kibao, mkanda ukapita nyuma ya kichwa, na Skola akaiweka lenzi nzito juu ya jicho.

"Mgonjwa, uko tayari?" sauti ya Tuli iliuliza. Ilikuwa sauti ya mama aliyeshiba.

"Ndiyo," mzee alijibu.

Ndani ya darubini retina ilionekana kama ardhi nyekundu baada ya mvua, vijito vikiikata huku na huku. Skola aliukanyaga mkanyagio. Mwanga wa kijani ulimweka, na pembeni kabisa mwa ardhi ile kikatokea kidoa cheupe. Akasogea. Kidoa kingine. Mzee hakutikisika hata ukope. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayepanda maharage, shimo baada ya shimo, na Skola akaanza kuhisi ile furaha ya kimyakimya iliyomfanya achague macho na si mifupa wala moyo.

Kisha leza ilijizima yenyewe.

Mwanzoni alidhani umeme umesita. Akasogeza darubini, akaona. Chini ya doa la kati, sehemu ya retina inayoona sura na vidole, pale palipokuwa safi jana, mshipa mmoja ulikuwa umevimba kama uzi uliolowa, na kwenye ncha yake palikuwa na tone la damu, dogo kuliko mbegu ya mchicha.

"Umeiona?" sauti iliuliza kutoka kwenye spika ya dari. Alikuwa Daktari Mwaipaja, mkuu wa Kituo cha Macho cha Nyanda, aliyekuwa akifuatilia kila tiba kutoka chumba cha pili.

"Nimeiona."

"Unajua la kufanya."

Alijua. Akiuziba mshipa ule sasa hivi, doa la kati litaungua pamoja nao. Mzee atabaki akiona umbo la mlango, rangi ya gari, njia ya kwenda kanisani. Hataona uso. Hataona vidole. Asipouziba, tone litakuwa mkondo, damu itatanda ndani ya jicho zima, na mwale wa leza haupiti kwenye damu. Hapo hakuna tena la kuchagua.

"Tujaribu sindano," alisema, ingawa jibu alilijua.

"Sindano zimegoma kwake mwaka mzima. Daktari Kikoti, tone linakua."

"Nilimwahidi sitagusa katikati. Aliniambia mwenyewe, kabla ya Tuli."

"Kabla ya Tuli alikuwa na hofu. Muulize sasa. Sheria iko wazi, neno la mwisho la mgonjwa ndilo neno."

Skola alisogeza mdomo karibu na sikio la mzee, kama vile spika ya dari isingesikia.

"Mzee Gama, mambo yamebadilika. Nalazimika kuchoma katikati. Nikichoma, hutaviona tena vidole vya mama anapozungumza nawe. Nisipochoma, utapofuka kabisa, pengine wiki hii hii. Niendelee?"

"Ndiyo, daktari. Endelea."

Sauti ilikuwa laini kama mafuta. Juu ya kioo cha vipimo maandishi ya kijani yakawaka: RIDHAA IMEPOKELEWA. Leza ikanguruma tena, tayari.

Mguu wa Skola ulikuwa juu ya mkanyagio. Haukushuka. Hakujua kinachomzuia, mpaka alipojikuta anasema:

"Mzee Gama. Yule mbwa wako nimemkuta stendi. Nimemla."

"Sawa, daktari."

"Kwa chumvi."

"Asante, daktari."

Skola aliuondoa mguu kwenye mkanyagio.

Bibi yake Skola alipokuwa mahututi, hamjui mtu tena, wala mwanawe wala padri, aliingia jirani yake Mngoni akamwambia kwamba amekuja kuchagua sufuria atakazorithi. Bibi alifumbua jicho moja akamjibu neno ambalo padri alilazimika kujifanya hakulisikia. Kesho yake alikufa. Skola alijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kupoteza jina la mwanawe na bado akawa na jibu kwa mtani wake. Mngoni aliyeambiwa mbwa wake ameliwa, akasema asante, hayuko nyumbani.

"Daktari Kikoti," spika ilisema. "Tunangoja nini?"

"Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mzee Gama. Nimemtania hajanijibu."

Mwaipaja aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayeokota vipande vya glasi.

"Unataka kuniambia unataka kumnyima mgonjwa tiba kwa sababu hakucheka. Mimi ni Mnyakyusa, binti yangu. Mambo yenu ya mbwa siyajui. Najua tone la damu."

"Nataka kuizima Tuli, nimuulize mwenyewe."

"Ukiitoa taratibu itachukua saa nzima, na hiyo saa huna. Ukiizima ghafla, maumivu yote uliyomchoma tangu alipoketi yatamrudia kwa mkupuo mmoja. Pamoja na hofu."

"Najua."

"Hujui. Umesoma." Sauti ya mkuu ilipungua. "Mimi nilikuwa kwenye chumba kama hicho kabla ya Tuli. Kulikuwa na mama mmoja, nilimshika kichwa kwa mikono hii akichomwa. Aliniuma, akaniponyoka, akaenda. Baadaye nilimkuta sokoni anaongozwa kwa fimbo kama punda. Aliyekimbia siku ile hakuwa yeye. Ilikuwa hofu yake. Tuli inaiondoa hofu mlangoni ili mwenye nyumba aseme."

Maneno yale yalimwingia Skola, kwa sababu yalikuwa ya mtu mwema. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika karibu vivyo hivyo kwenye mtihani wake wa mwisho, akapata alama za juu. Alitazama kwenye darubini. Tone lilikuwa limeanza kupata mkia.

"Na kama hofu ni yake pia?" aliuliza. "Anaogopa kumpoteza mkewe akiwa amesimama mbele yake. Huo nao ni ugonjwa?"

"Hayo tutajadili kesho. Leo amesema ndiyo."

"Tuli ndiyo iliyosema."

"Skolastika." Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. "Leseni yako haina hata mwaka."

Swichi ilikuwa chini ya kifuniko chekundu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha jinsi kinavyofunguliwa. Alikifungua kwa ukucha. Aliiondoa lenzi juu ya jicho la mzee kwanza, akalegeza mkanda wa kichwa, akamshika mkono. Kisha akazima. Taarifa ilikuwa imeshakwenda Baraza la Madaktari kabla kidole chake hakijatoka kwenye swichi.

*

Mzee Gama alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye kina cha maji. Mgongo wake ulijikunja, magoti yakagonga meza ya leza, na mkono wake ukaufinya wa Skola mpaka vidole vikasagana.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu, mama yangu."

"Niko hapa, mzee. Pumua."

"Umeniwekea nini? Kuna kaa la moto humu."

"Ni maumivu yako. Nimekurudishia. Unisamehe." Skola alikuwa analia na hakuwa na mkono wa kujifutia. "Uko wapi, mzee? Niambie uko wapi."

Meno ya mzee yalikuwa yanagongana.

"Jehanamu ya Wahehe," alisema. "Mbwa mmemaliza, mmeanza macho ya watu."

Skola aliinamisha kichwa chake kwenye bega la mzee, muda wa pumzi moja tu. Kisha akamweleza yote bila kupamba: tone, mshipa, doa la kati, kila njia na mwisho wake.

"Nilikuambia uache," mzee alisema.

"Uliniambia niache. Kisha nilipokuuliza ukaniambia niendelee. Nimekuwa na Gama wawili, sikujua nimsikilize yupi."

"Mimi? Nilisema endelea?"

"Wewe. Na ukaniambia asante kwa kula mbwa wako."

Jicho la mzee lililoachwa wazi lilimwaga machozi mpaka kwenye ndevu.

"Nakumbuka," alisema hatimaye. "Nilikusikia vizuri sana. Ilikuwa kama naulizwa habari za jicho la mtu mwingine, mtu wa mbali, simjui hata kijiji chake. Nikasema ndiyo. Kwa nini nisiseme ndiyo?"

Kioo cha chumba cha ndugu kilikuwa kinatikisika. Bi Sabina alikipiga kwa viganja vyote viwili. Alikuwa ameona mumewe anavyojipinda kitini, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu. Skola aliufungua mlango, na yule mama akaingia kama upepo, akamsukuma daktari kando, akaushika uso wa mumewe. Kisha akarudi hatua moja nyuma na mikono yake ikaanza kusema, kwa kasi, kwa hasira.

"Simwoni," Mzee Gama alisema, na sauti yake ikapanda. "Simwoni. Ni zambarau tupu. Umeshanichoma?"

"Hapana, hapana. Ni mwanga wa leza umekupiga. Unapotea wenyewe baada ya muda."

"Muda tunao?"

Skola alitazama picha ya jicho kwenye kioo cha vipimo, ambayo kamera ya kiti iliendelea kuileta. Mkia wa tone ulikuwa umerefuka. "Kidogo," alisema.

Bi Sabina alimtazama mumewe anavyopepesa jicho kuelekea mahali ambapo yeye hakuwapo. Mikono yake ilisimama hewani. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti, akaichukua mikono ya mumewe, akaiweka juu ya mikono yake mwenyewe, na akaanza tena.

"Polepole, mama," mzee alisema, kama vile angesikia. "Polepole. Unanifinya."

Hawakuwa wamewahi kufanya vile. Skola aliliona hilo wazi, kwani kila mmoja alikuwa akimkanyaga mwenzake kama wachezaji wasiojuana. Mzee alivipapasa vidole vya mkewe, akavirudia, akatikisa kichwa. Bi Sabina akampiga kofi dogo la mkono, akaanza upya, na mzee akamjibu kwa mikono, akimweleza habari ya jicho na ile ahadi. Mlango wa nyuma ulifunguka na Daktari Mwaipaja akaingia, mtu mrefu aliyevaa sweta ya kufumwa chini ya koti jeupe. Alimwangalia Skola. Akaangalia picha. Akawaangalia wale wawili. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa kando ya ukuta, akakisogeza chini ya Bi Sabina ili asipige magoti sakafuni.

"Anasemaje?" Skola aliuliza.

"Anagomba." Mzee Gama alikunja uso, akisoma. "Anasema kwa nini nimepanga habari za mikono yake na wewe, yeye yuko nyuma ya kioo kama samaki. Anasema, mikono ni ya nani." Vidole vyake vilifuata vya mkewe. "Nimemwambia nitabaki na picha yake nzuri. Amesema picha ni ya marehemu. Anataka mtu wa kutembea naye, atakayeona shimo kabla hajatumbukia."

"Damu inaongezeka," Mwaipaja alisema kwa sauti ya chini.

Mzee hakumsikia. Mikono yake sasa ndiyo ilikuwa ikisema, na Bi Sabina alikuwa akiitazama bila kupepesa. Alipomaliza, yule mama aliichukua tena mikono ya mumewe, akaiweka juu ya yake, na safari hii alisema taratibu sana, neno moja, kituo, neno jingine.

Vidole vya Mzee Gama viliacha kupapasa.

"Amesemaje, mzee?"

"Nimemwambia nikiingia kwenye ukungu sitamsikia tena. Ananiuliza, sasa hivi unanisikiaje?"

Alivipapasa tena vidole vya mkewe, kimoja baada ya kingine.

"Nusu tu nampata," mzee alisema baadaye, si kwa mtu yeyote hasa. "Nusu nyingine inaniponyoka. Na jicho lake nalo huwa linasema, hilo halishikiki kwa mkono. Hilo nitalikosa." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini nusu si haba. Nilianza naye nikiwa na chini ya hapo."

Aligeuza uso kumtafuta Skola.

"Endelea," alisema.

Lilikuwa neno lile lile alilolisema chini ya Tuli. Skola alilisikia likiwa na nyufa, limelowa, likitoka kwa mtu anayejua linamgharimu nini, na hakuhitaji kumuuliza mara ya pili.

"Lakini hicho kitambaa chako usinifunge tena," mzee aliongeza. "Nataka niwepo. Na ungoje hii zambarau iondoke kwanza. Nimwone."

"Mzee wangu, muda hautoshi," Mwaipaja alisema.

"Daktari mkubwa, wewe umeoa?"

Mwaipaja aliinama kwenye picha, akalipima tone kwa jicho lililozoea kupima matone. Alikunja midomo. "Hautoshi," alirudia. Kisha akasema, "Haraka basi."

Walingoja. Skola aliiandaa lenzi, akaifuta, akaifuta tena ilhali ni safi. Mzee alipepesa, akafumba, akafumbua. Bi Sabina alisimama palepale mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, akarekebisha kilemba chake. Na kidogo kidogo uso wa mzee ulianza kubadilika, kama uso wa mtu anayemwona mwenzake akija kutoka mbali barabarani, kwanza mwendo, kisha nguo, kisha mwenyewe.

Yule mama aliinua mikono.

Skola alitazama pembeni, ukutani, kwa kuwa mazungumzo yale hayakumhusu. Mwaipaja naye alikuwa ameinamisha kichwa, akisoma saa ambayo hakuwa amevaa. Hawakujua kilichosemwa. Walisikia tu mzee anacheka, cheko fupi la kijana aliyeambiwa jambo la aibu, na baada ya hapo:

"Haya."

*

Kidevu kilirudi kwenye kibao. Skola alifunga mkanda wa kichwa, akaweka lenzi, akalenga. Akakanyaga.

Leza haikuwaka.

"Tuli haijafungwa," mashine ilisema kwa sauti yake ya mama aliyeshiba. "Kwa faraja ya mgonjwa, tiba imesitishwa."

Alikanyaga tena. Mashine ilirudia maneno yale yale. Kwenye picha, mkia wa tone ulikuwa umeligusa doa la kati na kuanza kulizunguka.

Kufuli linaloizuia leza pasipo Tuli hufunguliwa na dole gumba la mkuu wa kituo peke yake. Skola aligeuka. Mwaipaja alikuwa akimtazama mgonjwa, si yeye.

"Mzee," alisema, "itauma kuliko kitu chochote unachokijua."

"Sitapiga kelele."

"Utapiga. Wote hupiga. Wewe piga tu, ila kichwa kisitikisike. Kichwa kikitikisika, yote haya ni bure."

"Kwaya nzima nimeiimbisha miaka bila kutikisa kichwa."

Mwaipaja alivua miwani yake, akaipangusa kwa sweta, akaivaa. Kisha akasogea mpaka kwenye mashine na kuweka dole gumba chini ya kioo. Maandishi yakatokea, yakamuuliza kama anajua kwamba jina lake litapelekwa Barazani. Akabonyeza ndiyo. Yakamuuliza tena. Akabonyeza tena, akarudi nyuma, akashika paji la uso la mzee kwa viganja vyote viwili, kama alivyofanya zamani.

Leza ilinguruma.

Bi Sabina alizunguka kiti. Hakuwa ameambiwa kinachofuata, lakini aliuona mguu wa daktari ukiinuka. Aliweka viganja vyake mgongoni kwa mumewe, chini kidogo ya mabega, akavipanua vidole.

Skola alilishika tone katikati ya msalaba wa darubini. Nyuma ya tone aliliona doa la kati, dogo, la manjano hafifu, zima bado. Alilitazama mara moja, maana lilistahili kutazamwa na mtu.

Akakanyaga.

Mzee Gama alipiga kelele. Ilikuwa kelele ndefu, ya sauti iliyofunzwa, na ilijaza chumba mpaka vyombo vikalia kwenye sinia. Kichwa hakikutikisika. Na mkewe, ambaye maishani mwake hakuwahi kusikia hata wimbo wake mmoja, aliipokea kelele ile yote kwa viganja, akaishikilia pale mgongoni mpaka ilipokwisha.